Picha ya Upande wa Wanawake

Ukoo wetu una magrupu mawili ya simu, na mimi ndiye admini wa yote mawili, cheo ambacho sikukiomba na ambacho hakina mshahara wala shukrani. Grupu la kwanza ni la kila mtu: wajomba, wakwe, mashemeji, vijana walioko ng'ambo, na watu ambao hata mimi sijui tumeungana nao kupitia kwa nani. Humo hutangazwa maziko, harusi na hitima, na kila Ijumaa asubuhi humiminwa maua na dua za kunakili mpaka simu inapata moto. Grupu la pili ni la wanawake watupu. Hilo ndilo lenye mambo.

Mtu ambaye hakukulia kwetu Mji wa Kale huenda akaona ni ujuvi tu kuwa na mawili. Ajue kwamba harusi zetu zina pande mbili. Wanaume huenda msikitini kufungisha nikahi, wakapigwa picha wamevaa kanzu na majoho, na picha zao huzagaa kila mahali. Wanawake wana siku yao ya kupamba. Bibi harusi huketishwa mbele ya watu, hina mikononi, nywele wazi zimejaa asumini, na wageni wote wamevua mabuibui mlangoni, wamebaki na magauni ambayo pengine waume zao wenyewe hawajayaona. Hakanyagi mwanamume. Siku hizi mlangoni husimama mtu na kapu akikusanya simu, na katika ukoo huu mtu huyo ni mimi, kwa kuwa inasemekana nina uso usiobembelezeka. Nimewahi kumpekua mke wa kadhi mmoja mkoba wake, na simu ya pili nikaikuta.

Picha za kupamba zipo, lakini ni za upande wa wanawake. Hupigwa na wanawake, hutazamwa na wanawake, na hufichwa na wanawake. Zamani ziliwekwa chini ya nguo katika sanduku, leo zinakaa katika grupu la pili.

Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliolewa Maskati akingali kijana na akabaki huko. Yeye ndiye aliyekuwa na kamera katika harusi ya wazazi wangu, na kwa kuwa alikuwa wifi wa bibi harusi, hakuna aliyeona haya mbele yake. Alipoondoka aliondoka na picha zake. Juzi juzi mjukuu wake alimnunulia simu ya kioo kikubwa, na tangu hapo bibi huyu hajapumzika. Hutandaza picha zake kitandani, akazipiga picha kwa simu huku kidole chake kimeziba pembe moja, halafu akazituma kwenye grupu la wanawake moja baada ya nyingine. Tunamshukuru, nasema kweli. Za kwetu hapa zilikwisha haribika. Unyevu wa nyumba hizi za mawe, na dari ya bibi mzaa mama iliyovuja masika moja, viliziharibu. Ziligandana sandukuni, na tulipojaribu kuzibandua, nyuso zilibaki mgongoni mwa picha ya juu. Joto kavu la Maskati limezitunza za shangazi.

Katika hizo alizotuma kulikuwa na moja ya mama yangu siku ya kupamba kwake. Mama amekaa kitini, ameinamisha macho kama alivyofunzwa. Nyuma yake wamesimama wasichana wawili. Mmoja ni jirani yetu wa nyumba ya kukabili, amebandika kikuba cha asumini na rihani kifuani, anacheka wazi kabisa. Wa pili ni mama yangu mdogo, ndugu aliyemfuata mama kuzaliwa. Huyu hacheki. Amekaza midomo na kuitazama kamera kama mtu aliyeitwa kwa ghafla. Mkono wa jirani uko begani mwake. Wote watatu vichwa wazi.

Tuliishangilia picha ile katika grupu letu. Mioyo ikamwagika, wengine wakauliza gauni lilishonwa na fundi gani. Mimi ni fundi wa mabuibui, nikawaeleza mshono mpaka wakachoka. Mama aliniambia niikuze aone uso wa nduguye. Akautazama kitambo, akasema, "Maskini," akanirudishia simu. Sikumuuliza kitu. Mama hana mazoea ya kumtaja nduguye, na sisi watoto tulizoea kutomuuliza. Mama mdogo alifariki siku chache baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, mvulana.

Basi asubuhi moja nimekaa na cherehani yangu ukumbini, mama kando yangu juu ya mkeka anachambua mchele, simu ikalia. Nikaangalia. Nikaona mama yangu kichwa wazi. Nikaona jirani yetu kichwa wazi. Chini yake shangazi ameandika: "Bibi harusi na nduguye, Allah amrehemu, pamoja na jirani yao. Zamani kulikuwa na watu wazuri." Nikatabasamu. Halafu nikaona jina la grupu, na tabasamu likakauka. Lilikuwa ni lile la kila mtu.

Wanaume wetu ni watu wa ajabu. Mmoja aliandika "Astaghfirullah", jambo ambalo halikumzuia kuwa wa kwanza kuiona. Mwingine alituma kikaragosi cha nyani aliyeziba macho. Mume wa binamu yangu aliandika "Mashaallah", kisha akakumbuka mkewe naye yumo, akaifuta. Wanawake wakaja juu kwa pamoja wakimwambia shangazi aiondoe. Shangazi akabofya, na baada ya hapo tukapokea sauti yake, imejaa maudhi: "Nishaifuta. Mbona mwan'sumbua na mimi mtu mzima?" Alikuwa ameifuta kwenye simu yake mwenyewe tu. Yeye haioni tena, na sisi wengine wote, pamoja na mashemeji wa Malindi, tunaiona kama kawaida.

"Nini hiyo?" mama akauliza. Nikamwambia. Mchele ulimtoka mkononi.

"Mimi?" akasema. "Mimi na kichwa changu?"

"Wewe na kichwa chako."

"Iondoe. Iondoe sasa hivi, na huyo wifi yangu mwambie nimemsamehe lakini asinipigie leo."

Admini anaweza kufuta cha mtu yeyote, na hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuiona katika cheo hiki. Nikaifuta. Nikaandika kwamba atakayekutwa amehifadhi picha ile atatoka grupu na atatoka pia katika orodha ya wanaoalikwa biriani. Nikarudi kwa cherehani yangu nikijiona shujaa. Mama alikuwa bado ananung'unika kwamba amefika umri huu akiwa na sitara yake, leo amevuliwa na kidole cha bibi kizee.

Hapo simu ikalia tena, safari hii mtu anapiga. Mikono yangu ilikuwa na kitambaa, nikaiweka simu kwenye spika.

Alikuwa ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Yule mvulana sasa ana mvi ndevuni. Baba yake alimchukua wakahamia Mbaraki alipooa tena, na akalelewa huko na mama wa kambo, mwanamke mwema ambaye sina la kumsema. Anafanya kazi gatini huko huko, anaendesha mashine ya kuinua mizigo. Kila Idi huja kwetu na watoto wake, hukaa na mama, huzungumza naye bei ya samaki na habari za bandari, akala, akaaga. Mama humpenda kwa namna ya kumlundikia chakula sahanini mpaka akaomba msamaha.

"Asalaam aleikum, dada."

"Waaleikumu salaam. Hujambo?"

"Sijambo. Dada, ile picha ndiyo imefutwa?"

"Nimeifuta mimi," nikajibu kwa ukali kidogo, nikidhani naye ana wasia wake kuhusu heshima ya ukoo. "Tena isijadiliwe."

Nyuma yake nikasikia mashine zikiunguruma na mtu akimwita mwenzake.

"Nilikuwa naitazama," akasema. "Shangazi ameandika mama yumo. Nilikuwa natafuta ni yupi."

Mguu wangu ulitoka juu ya pedali. Nilimjua mtu huyu tangu alipokuwa akibebwa, na haikupata kunijia kwamba hamjui mama yake kwa sura. Lakini angemjulia wapi? Kipande chake cha kitambulisho kilirudishwa serikalini alipofariki. Picha za kupamba kwake mwenyewe, baba mtu alizileta kwa bibi, maana aliona si vizuri picha za marehemu, kichwa wazi, zikae katika nyumba yenye wanaume wanaoingia na kutoka. Alifanya hivyo kwa heshima. Bibi akazifungia sandukuni kwa heshima hiyo hiyo, na sanduku likavujiwa. Akiwa mdogo mtoto hakuonyeshwa ili asilie. Alipokua akawa mwanamume, na picha ni za upande wa wanawake. Dini haimfichi mama kwa mwanawe hata siku moja, hilo kila mtu analijua. Na bado kila msichana wa ukoo huu, hata wale wa shule ya msingi, alikuwa ameuona uso ule katika grupu letu na kuuwekea moyo mwekundu, isipokuwa yeye, mwanawe wa kumzaa. Niliumia. Niliona aibu kwa ajili yetu sote.

"Hukuihifadhi?" nikamuuliza, mimi niliyetoka kutishia watu kuhusu kuhifadhi.

"Simu yangu haihifadhi yenyewe. Niliizima kwa sababu ya yale maua ya Ijumaa." Akacheka kidogo. "Lakini nitumie tu wewe, dada. Nitumie peke yangu. Sitamwonyesha mtu."

Nilikuwa nimeshaanza kuitafuta, maana ninayo kutoka grupu la wanawake, mama akanyoosha mkono akaichukua simu. Mama yangu huishika simu mbali na uso, kwa kuiogopa.

"Mwanangu," akasema.

"Naam, mama mkubwa."

"Mamako hatumwi kwa simu. Ijumaa ukitoka msikitini, ndoo umuone."

Kwanza nilimkasirikia mama. Mtu amengoja maisha yake yote, nawe unamwambia angoje Ijumaa. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akasema nisimfundishe. Alitaka mtoto apewe picha ya kushika, aende nayo kwake, na katika picha ile yeye mama si tatizo, kwani ni khalati yake, ndugu wa mama yake, maharimu yake, akimwona kichwa hamna dhambi. Tatizo ni jirani. Jirani si mama yake wala khalati yake. Ana haki ya nywele zake hata kama zilikuwa za miaka ile.

Mama akavaa buibui akavuka uchochoro kwenda kumwomba. Nilimfuata, kwa sababu magoti yake hayaelewani na ngazi za nyumba ile. Jirani yetu sasa haoni vizuri na husikia anachokitaka. Tulimkuta amekaa kitandani anatafuna tambuu. Mama hakuanza na habari yenyewe. Walianza na hali, wakapita kwenye magonjwa, wakazunguka kwa watoto na wajukuu wa kila mmoja, na mimi nimekaa pembeni nikijizuia nisiseme. Hatimaye mama akamweleza yote: wifi, grupu, mtoto, picha.

Jirani aliendelea kutafuna. Nilifikiri hakusikia.

"Hajapata kumwona?" akauliza.

"Hajapata," mama akasema.

"Na sisi tuko hapa." Akatema tambuu kwenye mkebe. "Nikateni. Mimi niondoeni, nina wakwe. Lakini mkono wangu muuache."

"Mkono upi?" nikauliza.

"Nlomshika begani. Alikuwa na haya ya kamera, ataka kukimbia. Nikamwambia, simama, iko siku utataka watoto wako wakuone. Akasema, hao watoto wataniona kila siku watachoka." Akatafuta mkono wa mama kwa kupapasa, akaupata. "Muuache ule mkono."

Mama alikaa na yule mwenzake wameshikana mikono, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikajifanya napokea simu.

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu. Binti yangu aliikata picha kwenye simu, akaondoa uso wa jirani na kuuacha mkono, na mama yangu akabaki ukingoni, kipande cha kichwa na maua. Sasa ichapishwe wapi? Kwenye maduka ya picha ninayoyajua mimi, wanaokaa kwenye kompyuta ni vijana wa kiume, tena wanaitia picha yako kwenye kioo kikubwa kinachotazama barabara. Nilipita maduka nikichungulia kama mwizi, nikiuliza kama kuna mwanamke, na mmoja akaniuliza kama nataka mke mwenza. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Karibu na soko nikampata msichana mwenye mtandio, ana mashine yake ndogo nyuma ya duka la vitabu vya shule. Sikumweleza mengi. Alipoifungua na kuona nywele, aligeuza kioo kikatazama ukuta bila kuambiwa, akachapisha, akaingiza picha katika bahasha na kuniuliza kama nataka aifute kwenye mashine. Nikamwambia aifute huku naangalia. Akaifuta huku naangalia.

Ijumaa ndugu yangu alikuja amevaa kanzu yake nyeupe ya sikukuu, na peke yake. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, lakini alipomwona mlangoni aliniambia chakula kingoje. Akamkalisha ukumbini kando yake. Bahasha alikuwa ameifunika kwa leso. Yule mwanamume mkubwa, anayenyanyua makontena ya watu kila siku, aliuliza bafu liko wapi kana kwamba hajui, akaenda akanawa mikono, akarudi akaipangusa kwa kanzu.

Mama akamtolea picha akampa.

Alimtazama. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni, na nilijua sipaswi kusimama pale, na sikuondoka. Alileta picha karibu, akaiweka mbali, akaigeuza kuelekea dirishani. Msichana yule, midomo imekazwa, alikuwa akimtazama mtu ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake.

"Ni huyu?" akauliza.

"Ndiye," mama akasema.

"Mimi akilini nilimshika yule mwingine." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Yule aliyecheka. Nilipoiona kwenye simu nikasema ndiye, basi tangu siku ile nikifumba macho namwona yeye. Nimemwombea dua nikimwona yeye."

"Yule ni jirani. Huu hapa mkono wake." Mama akauonyesha kwa kidole. "Na dua imefika, mwanangu. Mwenyewe Mola amjua ni yupi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kumuuliza mama mambo, na mama, ambaye hakupata kumtaja nduguye mbele yangu zaidi ya neno moja, akamjibu yote. Alikuwa mrefu? Alimpita mama kwa kichwa. Alikuwa mkali? Mkali, tena mwenye kususa, akisusa hula jikoni kwa siri. Alimwona yeye, mtoto wake? Hapo mama alivuta pumzi. Alimwona, akasema. Alimbeba. Alisema ana masikio makubwa, akacheka, na ule ndio wakati wa mwisho mama kumsikia nduguye anacheka. Yule mtu akaligusa sikio lake. Machozi yalikuwa yakimshuka ndevuni na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika picha.

Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake.

Kisha akaiweka picha vizuri juu ya mapaja yake, akainama mpaka kofia ikakaribia kuanguka, na kwa sauti ya mtoto anayeingia nyumbani kutoka chuo cha Kurani, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama yangu aliitazama ile picha kwanza, kama anayemwachia mwenyewe nafasi. Halafu akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wa nduguye.

"Marahaba," akamjibia. "Marahaba, mwanangu."